Ndovu Alipoonja Miaka ya Bi Pimbi

Nawaletea ngano!
— Ilete tuipokee!
Ina kweli kidogo na uongo tele!
— Mimina, usitupimie!
Haya, sogeeni. Na wewe uliyeko nyuma, acha kutafuna, utanikosesha mwendo.

Hapo kale, katika nchi ya majabali, alikaa Bi Pimbi. Pimbi mnamjua: mfupi, mnene, mkia hana, na akikimbia unadhani kuna jiwe linabingirika. Bi Pimbi alikuwa mjane mwenye watoto tisa. Lakini alikuwa na kitu ambacho mnyama mwingine hakuwa nacho, nacho ni shamba la mizabibu.

Mbegu yake haikuwa ya huku. Korongo, yule ndege anayekimbia baridi ya Ulaya kila mwaka, alileta kijiti kimoja mdomoni kutoka Ufaransa, akampa marehemu mume wa Bi Pimbi. Akawafundisha kupanda, kukamua na kutia divai vibuyuni. Kila mwaka wenyewe walibadilishana divai kwa mahindi na karanga, wakabakiza kibuyu kimoja tu, wakakiweka pangoni kwenye ubaridi. Mume akafa, mizabibu ikabaki. Watoto tisa wakala, wakashiba, wakanenepa kama mama yao.

Asubuhi moja ardhi ikalia: ti! ti! ti! Vikombe vikagongana: kili kili kili! Bi Pimbi akachungulia, akaona miguu minne minene kama minara. Akainua macho, akainua tena, ndipo akafika kwenye uso. Alikuwa Ndovu, ambaye akitaka kitu haombi.

"Shikamoo, mkubwa," akasema Bi Pimbi.

"Marahaba. Nimesikia una divai. Leo nakunywa yote. Kesho nang'oa mizabibu, naenda kuipanda kwangu."

Bi Pimbi akawatazama watoto wake. Mizabibu ikienda, watoto tisa watakula mawe. Kupigana hawezi, kukimbia na shamba mgongoni hawezi. Akasema neno la kwanza lililomjia.

"Karibu, mkubwa. Ila utaimezaje bila kuiona?"

"Kuiona vipi? Divai si ya kunywa?"

"Hivi vibuyu si divai tu. Kila kimoja ni mwaka. Ukigugumia utakuwa umemeza mwaka mzima, na wala hukuuona ukipita."

Ndovu akasita. Hakutaka kupunjwa hata mwaka mmoja.

Bi Pimbi akatoa kibuyu cha kwanza, cha mwaka uliopita. Kizibo: pwa! Akamimina kwenye kata ya kifuu.

"Tazama. Zungusha. Nusa. Kisha onja, kidogo tu."

Ndovu akatazama. Akazungusha. Akatia mkonga: fiiiii! Akaonja.

"Inauma ulimi!"

"Bado mtoto, mkubwa. Watoto wote huuma."

Akatoa kibuyu cha pili. Pwa! "Tazama. Zungusha. Nusa. Kisha onja, kidogo tu."

Fiiiii! Ndovu akafumba macho. "Mbona nasikia mvua? Mvua ya kwanza, ikipiga vumbi!"

"Ndio mwaka wa mafuriko huo. Zabibu zilikunywa maji mpaka zikachoka."

"Lo!" akasema Ndovu, akakaa chini. Jabali likatikisika.

Akatoa kibuyu cha tatu. Pwa! "Tazama. Zungusha. Nusa. Kisha onja, kidogo tu."

Fiiiii! "Moshi! Nyasi zinaungua mbali, ng'ambo ya mto!"

"Mwaka wa moto. Haukuwa mbali, mkubwa. Ulifika hapa ukutani."

Ndovu akaitazama kata kama mtu aliyeonyeshwa mwezi kwa mara ya kwanza. Alikuwa ameishi miaka yote ile, akidhani imepita. Kumbe ilikuwa pangoni, imetulia, imezibwa.

Akatoa kibuyu cha nne, kidogo kuliko vyote. Pwa! Safari hii Bi Pimbi aliongea taratibu. "Mwaka wa njaa huu. Zabibu zilikuwa chache na ndogo kama pilipili manga. Jua lote lilijibana humo. Tazama. Zungusha. Nusa. Kisha onja, kidogo tu."

Ndovu akaonja. Masikio yakaacha kupepea. Kisha chozi likamtoka, kubwa, likaanguka: pu!

"Mwaka ule," akasema, "mama yangu alichimba mchanga wa mto kwa pembe zake. Maji yalipotoka kidogo akanipa mimi. Yeye hakunywa." Akainusa tena kata. "Bi Pimbi, mama yumo humu."

Bi Pimbi akasisimka mwili mzima. Divai hiyo alikuwa ameionja mara nyingi, akajua ni nzuri. Lakini hakuwahi kuona mnyama mkubwa kiasi kile akikutana na mama yake ndani ya kata. Kwa muda alisahau hata kuogopa.

Ndovu hakusahau alichokuja kufanya. Akapangusa macho kwa mkonga, akasimama.

"Kama ni vitamu hivi, basi vyote vyangu! Na mizabibu yangu! Kipi kinashinda hiki?"

Macho ya Bi Pimbi yakazunguka pango zima, yakatua pembeni kwenye kibuyu kimoja kinene. Hicho alikiziba vibaya, divai ikaharibika ikawa siki, naye alikuwa akiitia kwenye kachumbari.

"Kile," akasema. "Lakini hakijaiva."

"Kitaiva lini?"

"Ukikifungua leo utakunywa mwaka mmoja. Ukikifungua mwakani utakunywa miaka miwili pamoja. Mwaka wa kesho kutwa, mitatu."

Ndovu akaanza kuhesabu kwa vidole vya miguu. Mate yakamdondoka.

"Ila kina masharti," akaendelea Bi Pimbi. "Kinajifunza utamu kwa ndugu zake hawa na kwa mizabibu yao. Ukiwamaliza hawa, ukang'oa mizabibu, kitabaki mjinga. Pili, hakitaki vishindo. Ukikanyaga ti! ti! ti! kinashtuka, kinachacha."

"Na mtu akikiiba?"

"Hapo ndipo pagumu, mkubwa. Mimi ni mdogo. Sijui nani wa kukilinda."

"Mimi!" akanong'ona Ndovu. Alikuwa ameanza kunong'ona tayari.

Basi kibuyu kikawekwa kivulini, ukingoni mwa shamba, na Ndovu akasimama karibu yake. Nyani wakija kuiba zabibu, anawafukuza. Nguruwe wakija kufukua mizizi, anawafukuza. Naye mwenyewe hutembea kwa ncha za vidole: nya, nya, nya.

Mwaka ukaisha. Ndovu akakishika kizibo kwa mkonga. "Nifungue?" Akawaza miaka mitatu. Akaacha. Mwaka mwingine ukaisha. "Nifungue?" Akawaza minne. Akaacha. Wanyama wakaanza kuja kutoka mbali kukitazama kibuyu, naye anawasimulia utamu wake kwa sauti ya chini, wao wanatoa machozi. Hakuna hata mmoja aliyethubutu kukigusa.

Wakati huohuo pangoni, Bi Pimbi na watoto wake tisa, na wakwe, na wajukuu, wanakamua: churu churu churu!

Miaka ikapita ishirini na moja. Ndovu akazeeka, pembe zikapiga rangi ya manjano. Siku moja akaja nya, nya, nya mpaka mlangoni kwa Bi Pimbi, ambaye naye sasa alikuwa na mvi mpaka puani.

"Bi Pimbi, nimezeeka. Nakiogopa. Niambie kweli, ni kizuri?"

Bi Pimbi akamtazama. Neno la kweli likamfika kwenye ulimi. Lakini aliyaona macho ya mzee yule, yanang'aa kama ya mtoto anayesubiri sikukuu.

"Katika nchi hii yote, mkubwa," akasema, "hakuna kibuyu kilichowahi kupendwa kama hicho." Kisha akamletea kata ya mwaka wa njaa, kidogo tu, akakaa naye mpaka alipomaliza kunusa.

Ndovu akashukuru, akarudi zamuni.

Funzo lake, watoto wangu, ni hili: msiwadanganye wakubwa, mtaadhibiwa vibaya. Tazameni Bi Pimbi alivyoadhibiwa: akabaki na shamba lote, na divai yote, na mlinzi mwenye pembe mbili asiyedai hata kikonyo cha zabibu.

Ngano yangu imekwisha, naiziba!
— Ziba, tusiimwage!