Pilau ya Bibi Kanga na Mkia wa Fisi

Paukwa!

Mbona mnanijibu kama mna homa? Paukwa!

"Pakawa!"

Hapo sawa. Basi alikuwako Pimbi, mnyama mdogo asiye na mkia, mwenye watoto wengi na sufuria tupu. Siku moja Bibi Kanga, mpishi wa harusi zote za porini, akatangaza kwamba mikono yake imechoka. Ataieleza pilau yake mara moja tu. Atakayeipika vizuri kwenye harusi ya binti Swala ndiye atakayerithi jiko, na ukoko wote atabeba yeye. Pimbi akawakumbuka wanawe, akaenda kujifunza.

Fisi naye akaja, tena na taipureta kichwani. Akamcheka Pimbi kwa jani lake la mgomba na mwiba wa kuandikia: hana mkia, hana mashine, atarithi nini huyu?

Bibi akaanza. Fisi, ka-ka-ka-ka, ting! Pimbi, kwaru... kwaru... Jani dogo, mwiba mzito, maneno hayaingii yote. Ikambidi ajiulize: neno lipi ndilo lenyewe? Kitunguu kikaangwe sana, kwani kuna nini? Kumbe ndicho kinachoipa pilau rangi! Akaandika "kitunguu" basi, mengine yakabaki kichwani.

Fisi hajiulizi. Bibi akakohoa: ka-ka-ka, ting! Bibi akamkemea nzi: ka-ka-ka, ting! Pimbi akachungulia karatasi, akakuta kikohozi kimo na nzi yumo. Ehee! Vidole vinakimbia, kichwa kimelala. Bibi alipoinama kunywa maji, Pimbi akaigiza sauti yake ya kizee:

"Kisha chovya mkia, ukoroge mpaka ichemke."

Ka-ka-ka-ka, ting!

Siku ya harusi ikafika. Jani la Pimbi lilishakauka, halisomeki, lakini pilau alikuwa nayo kichwani. Akapika huku anaimba. Fisi akapika huku anasoma. Penye kikohozi, akakohoa sufuriani. Penye nzi, akamtafuta nzi, akamtia. Wageni wakaanza kusogea nyuma. Penye mkia akasita kidogo, akajiambia mashine haikosei, akachovya.

Chwaaa! "Uwiii!" Fisi huyo, mbio hadi mtoni. Watu walicheka hata ngoma ikasimama, kisha wakala pilau ya Pimbi mpaka wakafungua mikanda.

Jioni Fisi akapita pangoni kwa Pimbi, mkia umefungwa kitambaa. Akauliza imekuwaje yeye aungue na mwenzake apone, na somo lilikuwa moja.

"Ningechovya nini, kaka?" Pimbi akasema, watoto nyuma yake wakitafuna ukoko, kru, kru, kru. "Si ulisema mwenyewe sina mkia?"

Ngano yangu imekwisha. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni mwenyewe. Na fundisho lake, wanangu, ni hili: mwiba unachoma vidole, utupeni, mkanunue taipureta. Ila mkienda jikoni, mikia iacheni nyumbani.