Kwa Nini Mtu Hupandishwa Cheo

Kabla watu hawajaanza kupandishwa cheo, kila mtu alipanda mwenyewe. Ndivyo ilivyokuwa katika bonde la Lukindo, ambako mpunga ulilimwa kuanzia mlimani hadi mtoni, na katikati ya mashamba ukasimama ulingo mrefu wa sakafu tatu. Chini walikaa warusha kombeo waliofukuza ndege. Kati alikaa mpiga upatu. Juu kabisa alikaa Mkuu wa Ulingo, aliyeliona bonde zima, na neno lake ndilo lililofungua na kufunga mifereji. Hakuna aliyemteua. Kiti kikiwa wazi, aliyetangulia kukikalia ndiye mwenye kiti, na watu walisema, "Fulani kapanda."

Ngazi ilikuwa gogo moja lililochongwa vidato. Gogo la mviringo huzunguka, kwa hiyo hakuna aliyelikwea bila mtu wa kulishika chini. Jina la mshikaji halikutajwa popote.

Semhando, mpiga upatu, hakuwa mtu wa kutulia. Alikula amesimama. Usingizini alijigeuza mpaka mkeka ukafumuka upande wake. Mkewe, Namkasi, alimtania kwamba yeye ameolewa na upepo. Ndiye aliyemshikia ngazi tangu sakafu ya kwanza.

Asubuhi moja habari ikaenea kwamba Mkuu amezeeka, ameshuka na hatapanda tena. Semhando alikuwa mlangoni kabla mjumbe hajamaliza kusema. Namkasi alikuwa na homa.

"Magoti hayanitii leo," alisema. "Ngoja jua lipoe."

"Jua likipoa, Mngoya atakuwa ameketi."

Namkasi akajifunga nguo kiunoni, akamfuata. Chini ya ulingo alilikumbatia gogo kwa mikono miwili. "Haya, panda. Lakini ukifika, nitazame."

Semhando akapanda. Mngoya, mmoja wa warusha kombeo, alifika amechelewa, akacheka. "Kaka, umefika mbinguni? Tusalimie mvua."

Semhando alikumbuka kutazama chini. Lakini sakafu ilikuwa ya mbao zilizobanana, nayo ilimficha kila kitu kilichokuwa chini yake. Akasema moyoni atamtazama akishuka. Kisha akaliona bonde, na bonde likamchukua. Aliamuru mfereji wa mashariki ufunguliwe. Aliona nguruwe mwitu wakinyemelea mihogo. Ng'ambo ya mto aliona mbuzi aliyekata kamba, akapaza sauti mpaka mwenye mbuzi akamkimbilia.

Alipotaka kushuka, gogo lilizunguka chini ya mguu wake. Akamwita Namkasi. Akamwita tena. Gogo likatulia, naye akaisikia sauti ya Mngoya, safari hii bila mzaha.

"Shuka taratibu, kaka. Nimeshika mimi. Mkeo tumemlaza."

Alimkuta chini ya nguzo, amefunikwa nguo. Aliuliza tangu lini. Wakamwambia kwamba alikuwa ameketi pale, wakadhani anamngoja mumewe. Alianguka wakati ule wa mbuzi.

Baada ya maziko Semhando hakukikalia kiti. Alizunguka ulingo, akaenda mtoni, akarudi, akazunguka tena, hata majani yakakoma kuota alipopita. Mpunga ukaanza kuiva na ndege wakashuka juu yake. Wazee wakamwendea, wakamwomba arudi, maana juu hapana mtu.

Alichukua shoka, akapanda, Mngoya akimshikia, akang'oa ubao mmoja na kuacha mmoja, sakafu hadi sakafu. Kisha akashuka na kuwaambia kwamba kuanzia sasa hatapanda mtu ila waliobaki chini wamekubali kumshikia, na atakapofika juu atawataja. Wakakubali. Wakalishika gogo, naye akakwea. Wazee wakatangaza kama walivyozoea kwamba Semhando kapanda.

"Sikupanda," alisema kutoka juu. "Nimepandishwa."

Wakamuuliza, na nani? Aliwataja wote walioshika, Mngoya wa kwanza. Halafu akainama, akatazama kwenye mwanya mpaka chini ya nguzo, akataja jina moja zaidi.

Na tangu siku hiyo sakafu ya ulingo huachwa mianya, na mtu akipata cheo hatusemi kwamba amepanda. Twasema amepandishwa. Naye, kabla hajaketi, hutazama chini.