Nguchiro, Kiboko na Mtaro wa Mama Kanga

Hadithi, hadithi.

— Ije, tumeshakaa.

Ina uwongo ndani yake.

— Uje nao, tutauchambua wenyewe.

Na kilio je?

— Nacho kije.

Haya, sogeeni. Wewe wa mwisho acha kutafuna miwa, sitaki kushindana na meno yako.

Hapo kale wanyama walikuwa na mji wao, na kata ya Majanini katika mji huo ilikuwa na diwani wake, Kiboko. Walimchagua kwa sababu ya kinywa. Alipokifungua kuomba kura, waliona mpaka kooni, wakasema huyu hana cha kuficha. Akapata ofisi, akapata kiti. Nyuma ya ofisi ulipita mtaro wa maji ya mvua. Kiboko akaburuta gogo kubwa, akaliweka katikati ya mtaro, maji yakasimama, yakawa bwawa lake la kulalia. Mtaro ulikuwa wa kata nzima, lakini mgongo uliopoa ulikuwa wake peke yake.

Msaidizi wake alikuwa Nguchiro. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kigoda mlangoni na kusikiliza shida za wakazi. Nungunungu alikuja, akasema, "Taka zimejaa kwetu." Nguchiro akasema, "Pole sana." Akaingia ndani, akamkuta Kiboko anatafuna majani, kwaru, kwaru, kwaru. Kiboko akasema, "Mwambie nimelipokea." Nguchiro akatoka, akasema, "Mheshimiwa amelipokea."

Kobe alikuja, akasema, "Kivuko kimevunjika." Nguchiro akasema, "Pole sana." Akaingia ndani, kwaru, kwaru, kwaru. Akatoka, akasema, "Mheshimiwa amelipokea." Ndivyo kazi ilivyokwenda. Kiboko alipokea kila kitu na hakutoa chochote, na aliyeangaliwa kwa jicho baya sokoni ni Nguchiro.

Siku moja akaja Mama Kanga, mjane, ana matope mpaka kifuani.

"Mwanangu," akasema, "nimetaga. Kiota changu kiko bondeni, na gogo la mheshimiwa limeziba mtaro. Juzi mvua ilikuwa ya rasharasha tu, maji yakapinda, yakaja mpaka ukingoni mwa kiota. Masika yakianza, mayai yangu yatakwenda."

"Huwezi kuhama, mama?"

"Mimi naweza. Mayai hayana miguu, na mimi sina mikono."

Nguchiro akataka kusema pole sana, akainuka kigodani badala yake. Akaingia ndani. Kwaru, kwaru, kwaru. "Mwambie nimelipokea," akasema Kiboko. Lakini safari hii Nguchiro hakutoka. Gogo lile asingeweza hata kulitikisa. Mwenye nguvu za kuling'oa ni mmoja tu, na ndiye aliyeliweka. Nguchiro akakohoa kidogo.

"Mheshimiwa, umesikia habari za Nyati, diwani wa kata ya pili? Amezindua mtaro. Amekata utepe, akapigiwa vigelegele."

Kiboko akaacha kutafuna. "Nyati? Na mimi nina nini cha kuzindua?"

"Mtaro wa hapo nyuma haujazinduliwa tangu uchimbwe. Utepe tutaufunga kwenye gogo. Ila diwani wa kweli hakati kwa mkasi kama fundi cherehani. Anang'oa gogo zima kwa meno, watu waone."

"Kwa meno," akasema Kiboko, akainamia dirisha la nyuma, akajitazama kwenye maji ya bwawa. "Hilo nimelipenda. Lakini si kesho. Kofia yangu iko kwa fundi."

Nguchiro akatoka mbio. "Bado kidogo, mama. Tunangoja kofia."

"Sawa, mwanangu," akasema Kanga, akarudi kulalia mayai.

Kofia ikaja. Kiboko akasema, "Ngoma ziko wapi?" Nguchiro akaenda bondeni. "Bado kidogo, mama. Tunangoja ngoma." "Sawa, mwanangu." Ngoma zikaja. Kiboko akasema, "Vigelegele vifanyiwe mazoezi, visije vikatoka legelege." Nguchiro akaenda bondeni. "Bado kidogo, mama." Kanga akasema, "Mwanangu, nayasikia yakigonga kwa ndani. Ko, ko, ko. Yako karibu."

Asubuhi iliyofuata wingu likafunga. Kanga akaja mbio, mabawa wazi. "Mwambie aling'oe sasa hivi." Nguchiro akaingia, akapiga magoti. Kiboko akachungulia dirishani.

"Nizindue na mvua hii? Nani ataona?"

Mvua ikashuka. Shaaa, shaaa, mchana kutwa. Kanga alirudi akayalalia mayai yake, akakaa juu yake mpaka maji yakamfika shingoni, kisha maji yakamnyanyua, na chini yake hapakuwa na kitu. Mimi nikifika hapa huwa natamani kuibadilisha, lakini ndivyo nilivyosimuliwa.

Kesho yake jua likatoka, na kata nzima ikakusanyika kwenye uzinduzi. Ngoma, ti ti ti. Kiboko na kofia yake akauma gogo. Akavuta, kho. Akavuta, kho. Gogo likatoka, puu. Maji yakakimbia mtaroni, shwaaa, na bwawa lote likaondoka nayo. Kiboko akateleza, akabaki kwenye tope, tumbo juu, kofia imemziba jicho. Watu wakadhani ni sehemu ya sherehe, wakapiga vigelegele.

"Nguchiro, maji yangu yako wapi?"

"Umeyazindua, mheshimiwa."

Jua likamchoma, ngozi ikaanza kupasuka. Akajikokota kwenda mto wa mbali, na kiti cha udiwani hakukikalia tena. Watu wakambeba Nguchiro juu juu, wakamwita mjanja wa wajanja. Yeye akateleza mabegani mwao, akaenda bondeni.

Kanga alikuwa amelalia udongo mtupu.

"Mama," akasema Nguchiro, "mtaro umefunguka. Hapa hapatafurika tena."

Kanga hakunyanyua kichwa. "Baba yako alikula mayai ya mama yangu," akasema. "Babu yako alikula ya bibi yangu. Wewe umekuja hapa kila siku, na hujagusa hata moja."

"Sikuyagusa, mama."

"Ungeyala, mwanangu. Ningejua angalau yameshibisha mtu."

Nguchiro akakaa chini kando yake. Hakusema pole.

Hapo ndipo hadithi yangu inapotua mzigo. Kama ina utamu, gawaneni. Kama ni chungu, niachieni mimi niliyeileta.

— Na fundisho lake?

Fundisho lake ni kwamba, ukiwa na shida, usihangaike wala usipige kelele. Ipeleke ofisini, ukae kwenye benchi, umngoje mheshimiwa. Atakuja, na ngoma atakuja nazo.

— Na mayai je?

Mayai hayapigi kura. Nendeni mkalale.