Ugali wa Bi Somoe na Nafasi Moja ya Chuo

Asiyeniamini aseme sasa hivi, asije akanigunia katikati ya safari. Mimi niliishia darasa la sita, nikamwacha mwalimu asome mwenyewe, lakini jambo hili limewashinda wenye majoho. Nani anabisha? Wewe? Haya, kaa hapohapo ubishe ukiwa umekaa.

Hapo zamani, si zile zamani ambazo fisi alikuwa akiposa, zamani za mvua ya juzi tu, kule Masasi alikuwapo mama mmoja aitwaye Bi Somoe. Kiharusi kilimkuta anapepeta unga, kikauchukua mkono wake wa kuume. Mkono ukabaki unaning'inia begani kama mgeni asiyejua kuaga.

Bi Somoe akachoka. Hakuchoka kuumwa, alichoka kusaidiwa. Akitaka maji, analetewa. Akitaka kuchana nywele, anachanwa, tena vibaya. Alibakiwa na haja moja tu duniani: asonge ugali wake mwenyewe, mtu asimtazame.

Kumbe kutazamwa ndiko kulikokuwa njiani. Chuo kimoja kilikuwa na nafasi moja ya shahada ya pili ya tiba kazi. Hamuijui tiba kazi? Mimi naijua. Si dawa wala sindano. Ni elimu ya kumrudishia mtu kazi zake za kila siku: kufunga kifungo, kuoga, kujipikia. Na masharti ya kuingia humo yalikuwa marefu kuliko mahari ya binti wa pekee. Uwe na shahada ya kwanza. Uwe na alama nzuri katika habari za mwili na za akili. Uwe na wadhamini. Tena uwe umeshinda na mgonjwa, saa juu ya saa, mtaalamu akikuangalia. Sharti hilo la mwisho ndilo lililowaleta watu watatu uani kwa Bi Somoe: Dadi, Perpetua na Shaweji.

Dadi alikuwa na mikono ya ufundi. Aliona mwiko ukiingia, sufuria inazunguka, maana hakuna mkono wa pili wa kuishika. Akapinda nondo, akatengeneza kibano cha kuifunga sufuria jikoni.

"Mama, sasa haitoroki."

"Sawa, mwanangu."

Perpetua alikuja na choroko. Kila asubuhi anazimwaga kwenye ungo, Bi Somoe aziokote mojamoja kwa vile vidole vilivyolala. Zikidondoka, zinamwagwa tena.

"Mama, tuanze upya."

"Sawa, mwanangu." Lakini choroko aliichukia mpaka ya kwenye bakuli.

Shaweji sasa! Alivuta kigoda, akakaa, akakunja mikono. Bi Somoe akimwaga maji, Shaweji katulia. Akiangusha mwiko, Shaweji katulia. Majirani wakamsema, "Wewe kijana, umelelewa na nani?" Siku moja mama akafoka, "Si unipe huo mwiko!"

"Uko karibu na mguu wako, mama."

Bi Somoe akamporomoshea tusi ambalo siwezi kulisema mbele ya wakwe zenu. Kisha akainama, akauokota. Kwa mkono upi? Uleule wa kuume.

Basi ikafika siku, Bi Somoe akasonga ugali peke yake. Hakuna aliyemtazama. Wale watatu walipokuja kesho yake, walikuta sufuria imekwanguliwa, na mama amekaa, unga umemganda mpaka kwenye kiwiko.

Habari ikamfikia Daktari Nandonde, mkuu wa idara. Akaja mwenyewe mpaka uani.

"Mama, hawa wote wametimiza masharti. Shahada wanazo, alama zinalingana, wadhamini wanawasifu. Nafasi ni moja. Wewe ndiye uliyeshinda nao. Nani amekurudishia ugali wako?"

Dadi akaruka. "Kama si chuma changu, sufuria ingekuwa inazunguka mpaka leo!"

"Chuma hakisongi," akasema Perpetua. "Kama si choroko zangu, mwiko ungeshikwa na vidole gani?"

"Vidole mlimpa, lakini chakula mlikuwa mnampikia," akasema Shaweji. "Kama si mimi niliyemwacha ahangaike, angejua lini kwamba anaweza?"

"Kukaa tu?" Dadi akacheka. "Hata kigoda kilikaa. Basi tukipe kigoda shahada!"

Bi Somoe akawatazama. Aliwapenda, na walikuwa wamemchosha. Akimtaja mmoja, wawili watatoka uani kwake kama wametoka kuzika. Akashusha pumzi.

"Daktari, mimi nimechoka. Nimekuwa darasa la hawa watoto, nimekaa. Sasa mnataka niwe hakimu pia? Mpishi haulizwi chakula chake. Kamuulize aliyekula." Akaingia ndani, akajilaza.

Hapa kuna kipande nilikiruka. Msininunie.

Aliyekula ni mimi. Yule ni mama yangu mkubwa, ndiye aliyenilea. Miezi yote ile nilikuwa kijiweni nawapigia soga kama hizi. Mkono wake sikuwahi hata kuutazama. Siku ile ya ugali nikarudi na njaa, nikapiga kelele mlangoni: "Mama, humu ndani hakuna chakula?" Nikajitupa kitandani. Nilipoamka, ugali uko mezani. Nikaumaliza, nikamwambia una madonge. Akacheka. Tangu augue sikuwa nimemsikia akicheka vile.

Kesho Daktari Nandonde ananiita. Mimi, wa darasa la sita, nikaseme nani aingie shahada ya pili. Ndiyo maana leo nimewapigia kelele hivi. Usingizi sina na majigambo yameniishia. Kuna Dadi na chuma chake, kuna Perpetua na choroko zake, kuna Shaweji na mikono yake iliyokunjwa. Na asitokee mtu hapa akanitajia yule wa mlangoni mwenye njaa. Yule hana hata cheti cha la saba.

Haya, wabishi, nisaidieni kabla hakujakucha: nani anastahili?