Mgawa Maji na Kura ya Kokwa

Wametusimulia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa mitende, maji yote yalipita mfereji mmoja, na ufunguo wa mlango wake ulishikwa na ukoo mmoja. Babu aligawa maji, baba akagawa, kisha akagawa Hamduni bin Shuraihi, mcha Mungu na mpenda watu, ila usingizi wa alfajiri nao ulimpenda. Ah, zama zile na adabu zake! Mgawa maji akisimama, hapana aliyebaki ameketi, hata mgonjwa.

Ikawa Amiri mpya akatoa amri: mgawa maji atachaguliwa na kila anywaye maji yale, tajiri na fukara, mwanamume na mwanamke.

Wakakusanyika uani mwa msikiti baada ya Alasiri. Waliowania ni Hamduni na Lukumani, mkulima wa dengu.  Tangu utotoni Hamduni alilala kwa sauti ya maji yale, wala hakujua angekuwa nani bila kazi ile.

Mjumbe wa Amiri akanadi, "Wanaomtaka Hamduni, wasimame!"

Hamduni, kusikia jina lake, akainuka awape watu salamu. Lo! Ua mzima ukainuka naye, Lukumani mwenyewe akiwemo.

"Mashaallah, wote!" akasema mjumbe.

Hamduni akafurahi, binadamu ni binadamu. Kisha macho yake yakamwangukia Bi Salsabili, mjane ambaye bustani yake ilikauka kiangazi kilichopita, kwa kuwa Hamduni alichelewa kumfungulia maji. Naye alikuwa amesimama, kaegemea mkongojo.

"Mama, hata wewe wanitaka?"

"Mwanangu, wewe umesimama, mimi nikae vipi? Na bustani yangu yanywa kwa mkono wako."

Maneno yale yalimchoma. Angenyamaza, nani angemlaumu? Lakini alimwogopa Mola wake. Akasema, "Ewe mjumbe, hawa wamenistahi, hawajanichagua."

Akamkabidhi imamu ufunguo, ili yeye mwenyewe asiogopwe tena na mtu. Akaomba mtungi uwekwe katika chumba kimoja cha msikiti, kila mmoja aingie peke yake: atiaye kokwa ya tende amemchagua Hamduni, atiaye kokoto amemchagua Lukumani.

Mtungi ulipomiminwa, zilimwagika kokoto tele, na kokwa chache tu.

Machozi yalimtoka Hamduni mbele za watu. Kisha akamshika mkono Lukumani, akamwambia, "Ndugu yangu, amka mapema kuliko mimi."

Yasemekana aliililia kazi ile maisha yake yote. Lakini kila alipoulizwa kama anajuta, alijibu, "Miaka mingi watu walinisifu. Siku ile waliniambia kweli."

Nazitamani zama zile, ndugu zangu. Si kwamba watu wake walikuwa malaika, hasha! Ila alikuwapo mja aliyeona heri kukataliwa kwa hiari kuliko kukubaliwa kwa woga. Mola atujaalie wa mfano wake, na sisi atupe ujasiri wa kuwaambia ukweli.