Zimwi Lililosafisha Mto

Sogeeni, wenzangu, mnisikilize. Paliondokea tajiri mwenye kiwanda cha ngozi, na maji machafu ya kiwanda yakaua samaki wa mto mzima. Watu wa chini walipolalamika, tajiri akaliita zimwi.

“Nitausafisha mto,” likasema, “ila nipewe nywele, macho na sauti ya mtu.”

“Kachukue huko chini,” tajiri akajibu. “Si ndio wanaotaka maji safi?”

Zimwi likamwendea Mwanasiti, dobi, aliyelalamika kuliko wote. Siku ya kwanza likachukua nywele zake, mto ukaacha kunuka. Siku ya pili likachukua macho, samaki wakarudi. Siku ya tatu Mwanasiti akapiga magoti.

“Niachie sauti, nina mwana mchanga, nitambembeleza na nini? Aliyechafua ni yule wa juu!”

“Najua,” likasema zimwi. “Lakini yeye ndiye aliyeniita.”

Likaichukua. Maji yakang'aa. Tajiri akashuka na wageni wake kuyaonja, wakamkuta Mwanasiti ukingoni, akimpapasa mwanawe anayelia.

“Mama,” tajiri akamwuliza, “mbona hata hushukuru?”

Basi, mimi nimefika kikomo. Nendeni mkalale, kama mtaweza.