Kibuyu Kitupu na Kibuyu Kilichojaa

Kale na kale yake! Itikieni, "Ilikuwako!" Haya, ilikuwako. Endeleeni kuambua mbaazi huku mnasikiliza. Na wewe Kioko, unayesema mwiba umekuchoma kidogo tu, kaa hapa karibu na bibi yako.

Hapo kale, chuma kilipokuwa bado ni cha jembe na mshale tu, huku kwetu Ukambani alikuwako mganga wa majeraha, jina lake Syombua. Mshale ukikuingia, yeye ndiye wa kuutoa. Alipima tundu kwa kijiti, akasema, "Jeraha ni nyumba. Tazama mlango, utajua ukubwa wa nyumba." Mlango mpana aliuwahi kwanza, mlango mdogo ukasubiri. Sheria hiyo haikuwahi kumwangusha. Haikuwahi, wajukuu zangu!

Alikuwa na wana wawili, Mutisya na mdogo wake Nzioka. Asubuhi moja walipeleka ng'ombe mtoni, wakakutana na wageni waliowatamani ng'ombe hao. Wageni hawakushika pinde, walishika fimbo za chuma. Fimbo zikalia, tu! tu! Hakuna aliyeona mshale, lakini vijana wakaanguka. Mjomba wao Kilonzo akamrukia mgeni mmoja, akampokonya fimbo yake, wenzake wakatimua mbio. Basi akawaleta wapwa zake nyumbani.

Sasa sikilizeni. Mutisya alipigwa kifuani. Povu jekundu mdomoni, tundu linatoa pumzi, pss, pss. Na Nzioka je? Kitundu chini ya mbavu za kulia, kama punje ya mtama. Damu haba. Ameketi, anatania!

"Mama, mimi nimeumwa na siafu tu."

"Unasikia maumivu, mwanangu?"

"Kiu tu. Mtibu kaka kwanza."

Syombua akapima kwa kijiti, kama desturi yake, akaenda kwenye mlango mpana. Akaziba kifua, akaziba na tundu la pili mgongoni, kwa majani na samli. Alipogeuka, Nzioka ameegemea ukuta, midomo imepauka, tumbo limevimba.

"Nzioka!" "Nzioka we!" Akamtikisa, kumbe ameshakata roho.

Na lile tundu bado ni punje ya mtama. Nimesimulia kisa hiki mara nyingi, na kila nikifika hapa nauliza: Wa povu aishi, wa mzaha afe? Jamani!

Syombua hakulia. Alimwambia kaka yake, "Kilonzo, nionyeshe fimbo hiyo ilichomfanya mwanangu."

Akatundika vibuyu viwili mtini, kimoja kitupu, kimoja kimejaa maji pomoni. Kilonzo akafyatua fimbo kama alivyowaona wageni wakifanya. Kile kitupu kikapata matundu mawili, huku na huku, kikaendelea kuning'inia. Akafyatua tena. Lo! Kile kilichojaa hakikutoboka, kilipasuka vipande vipande, maji yakamrukia Syombua usoni.

"Kumbe!" akasema. "Pafu lina hewa, chuma kinachorushwa na fimbo kimepita. Ini limejaa damu, limepasuka. Mshale hukata pale unapopita, lakini hiki husukuma na nyama za kando. Nami nilikuwa natazama mlango!"

Hapo ndipo alipolia. Alilia hadi majirani wakaacha kazi mashambani, wakaja.

Mutisya alipona, akaja kumzaa baba yangu. Mimi nilimwona kwa macho yangu haya, mzee mwenye kovu kifuani. Alikuwa mpole kwa kila jambo isipokuwa moja. Chakula kikipakuliwa, ukimwambia, "Wewe kwanza, babu," aliinuka akaenda zake, na siku hiyo hakula.

Basi, msipime maumivu ya mtu kwa udogo wa tundu, wala kwa mzaha wake. Kisa changu nakitua hapa kama mzigo wa kuni, atakaye moto achukue kijiti.

Kioko, lete huo mguu. Eti kidogo tu! Lete nikuone.